Herode yupi huyu? Mwongozo kamili wa kuwatofautisha akina Herode

Swali hili hurudi kila Krismasi na kila Pasaka. Ikiwa Herode alikufa Yesu akiwa bado mtoto kule Misri, basi Herode aliyemhoji siku ya kusulubiwa alitoka wapi? Na yule wa Matendo 12, aliyeliwa na chango, ni nani tena?

Majibu yameshatolewa mara nyingi, na bado watu wanakosea, wakiwemo walimu wa shule ya Jumapili na wanafunzi wa somo la dini. Sababu ni kwamba wanakariri majina. Majina ya ukoo huu hayakaririki: baba, wana, wajukuu na vitukuu walirithishana yaleyale mpaka hata waandishi wa zamani wakapishana. Hapa chini kuna njia ya kufika kwenye jibu mwenyewe, mstari wowote utakaousoma.

## Vitu vya kuandaa

Biblia ya Kiswahili, na ukiweza tafsiri mbili tofauti. Utaona faida ya ile ya pili kwenye hatua ya tatu.

Karatasi moja ndefu. Nyuma ya kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita panatosha kabisa. Kalamu za rangi mbili.

Ramani ya Palestina ya wakati wa Agano Jipya. Biblia nyingi zinayo kwenye kurasa za mwisho.

Maandishi ya Flavius Josephus, kama unaweza kuyapata. Huyu alikuwa Myahudi aliyezaliwa mwaka 37 BK, akaandika habari za ukoo wa Herode kwa urefu kuliko mtu mwingine yeyote wa zama zile. Usipoyapata usihangaike, yale unayoyahitaji kutoka kwake nimeyaweka humu.

## Hatua ya 1: Chora mstari wa miaka

Chora mstari katikati ya karatasi kutoka 40 KK hadi 70 BK. Juu yake andika Makaisari: Augusto (27 KK hadi 14 BK), Tiberio (14 hadi 37), Caligula (37 hadi 41), Klaudio (41 hadi 54), Nero (54 hadi 68). Chini yake weka maliwali wa Kirumi unaowafahamu: Pontio Pilato (26 hadi 36), Feliki (kuanzia 52), na Festo (kuanzia karibu na mwaka 60).

Tunaanza na miaka kwa sababu Biblia humtaja Kaisari au liwali mara nyingi kuliko inavyotaja jina la pili la Herode. Ukishajua Kaisari alikuwa nani, umeshaondoa zaidi ya nusu ya wanaoshukiwa.

Angalia: hakuna mwaka sifuri. Baada ya 1 KK unakuja 1 BK moja kwa moja. Na miaka ya KK huhesabiwa kurudi nyuma, kwa hiyo 37 KK ni kabla ya 4 KK. Msishangae pia kwamba Herode wa Krismasi alikufa mwaka 4 KK kwa hesabu ya wanahistoria wengi. Kalenda yetu ilipigiwa hesabu na mtawa Dionysius Exiguus katika karne ya 6, naye alikosea kwa miaka michache.

## Hatua ya 2: Waweke watawala saba kwenye mstari

Sasa waandike hawa, kila mmoja na miaka yake:

1. Herode Mkuu. Seneti ya Roma ilimtangaza mfalme mwaka 40 KK, akautwaa Yerusalemu mwaka 37 KK, akafa 4 KK.
2. Arkelao, mwanawe: 4 KK hadi 6 BK.
3. Antipa, mwanawe mwingine: 4 KK hadi 39 BK.
4. Filipo, mwanawe wa tatu: 4 KK hadi 34 BK.
5. Agripa wa Kwanza, mjukuu: 37 hadi 44 BK.
6. Herode wa Chalcis (nchi ndogo katika Lebanoni ya leo), ndugu yake Agripa: 41 hadi 48 BK.
7. Agripa wa Pili, kitukuu: kuanzia karibu na mwaka 50 BK, akaiona hata vita iliyoteketeza hekalu mwaka 70.

Chukua kalamu nyekundu uzungushie namba 1, 3 na 5.

Hapa ndipo kazi yote inapokuwa nyepesi. Katika Agano Jipya, ukikuta jina "Herode" peke yake, ni mmoja kati ya hao watatu tu. Arkelao anatajwa kwa jina lake (Mathayo 2:22). Filipo naye kwa lake (Luka 3:1). Agripa wa Pili huitwa Agripa. Wa Chalcis hatajwi kabisa.

Kwa hiyo: habari za kuzaliwa Yesu na Yohana ni za Herode Mkuu. Huduma ya Yohana, huduma ya Yesu na kusulubiwa ni za Antipa. Mateso ya mitume katika Matendo 12 ni ya Agripa wa Kwanza. Kanuni hiyo inatosha kwa mistari mingi. Hatua zinazofuata ni za ile inayobaki, na za kukuwezesha kumjibu mtu anayeuliza, "Umejuaje?"

Umefanikiwa hapa ukiweza kufunga Biblia na kutaja watatu wa rangi nyekundu pamoja na miaka yao ya kufa au kuondolewa: 4 KK, 39 BK, 44 BK.

## Hatua ya 3: Soma cheo, ila usikitegemee peke yake

Herode Mkuu alikuwa mfalme kamili. Alipokufa, Augusto aliigawa nchi kwa wanawe watatu lakini hakumpa hata mmoja ufalme. Arkelao alipata nusu ya nchi na cheo cha ethnarka, yaani mkuu wa taifa, kwa ahadi kwamba akitawala vizuri atafanywa mfalme. Hakutawala vizuri. Mwaka 6 BK alivuliwa madaraka na kupelekwa uhamishoni Gallia, ambayo leo ni Ufaransa. Antipa na Filipo walikuwa matetrarka, cheo cha mtawala mdogo, chenye hadhi ya chini kuliko cha mfalme.

Agripa wa Kwanza alirudishiwa cheo cha mfalme, na mwanawe pia.

Angalia: hapa ndipo tafsiri ya pili inapohitajika. Baadhi ya tafsiri za Kiswahili humwita Antipa "mfalme", nyingine "mtawala". Wala kosa si la watafsiri peke yao, maana Marko 6:14 yenyewe inamwita mfalme, pengine kwa sababu watu wa Galilaya walizoea kumwita hivyo. Sarafu zake mwenyewe zinasema "Herode tetrarka". Basi ukiona "mfalme Herode", usirukie kumtaja Herode Mkuu. Rudi kwenye mstari wa miaka.

Sarafu hizo zinajibu pia swali la kwa nini wote waitwe Herode. Arkelao na Antipa walipopewa madaraka walijiandika "Herode" kwenye sarafu, na majina yao ya kuzaliwa hayamo. Jina la baba liligeuka kuwa jina la kiti.

## Hatua ya 4: Tazama ramani

Tia rangi sehemu tatu. Galilaya na Perea (ng'ambo ya Yordani) ni za Antipa. Iturea na Trakoniti, kaskazini-mashariki mwa ziwa la Galilaya, ni za Filipo. Kaisaria Filipi ni mji wake. Uyahudi, Samaria na Idumea zilikuwa za Arkelao, na alipoondolewa zikawekwa chini ya liwali wa Kirumi.

Mipaka hiyo ndiyo inayofumbua Luka 23. Pilato anauliza kama mtu huyu ni Mgalilaya. Akisikia kwamba ndiyo, anampeleka kwa Herode, kwa maana Galilaya ni eneo la Herode Antipa. Antipa alikuwapo Yerusalemu kwa ajili ya sikukuu. Huko hakuwa na mamlaka yoyote. Anayedhani kwamba Herode huyu ni mfalme wa Yerusalemu hawezi kuelewa Pilato alikuwa anafanya nini.

Sasa fungua Matendo 12. Herode anamuua Yakobo ndugu yake Yohana, anamfunga Petro, yote Yerusalemu. Jiulize: liwali yuko wapi? Hayupo, kwa sababu mwaka 41 Klaudio alimpa Agripa wa Kwanza Uyahudi na Samaria, na kwa miaka mitatu hivi hapakuwa na liwali. Alipokufa mwaka 44, maliwali walirudi.

Swali hilo la liwali ni silaha nzuri kuliko zote. Ukiona Herode pamoja na Pilato, ni Antipa. Ukiona Herode anatawala Yerusalemu bila liwali, ama ni Mkuu ama ni Agripa wa Kwanza, na hao wametenganishwa na takriban miaka 45, kwa hiyo hutawachanganya.

## Hatua ya 5: Fuata wanawake

Wengi huiruka hatua hii kwa sababu inachosha. Msiiruke. Wanawake wa ukoo huu ndio fundo linalowaunganisha Herode wa rangi nyekundu, na habari zao zinakaa kichwani kuliko tarehe.

Anza na Herodia. Alikuwa mjukuu wa Herode Mkuu, na dada yake Agripa wa Kwanza. Aliolewa kwanza na baba yake mdogo, kisha akamwacha akaolewa na baba mdogo mwingine, Antipa. Ili kumwoa, Antipa alimwacha mke wake, binti wa Aretas wa Nne, mfalme wa Wanabatayo. Yohana Mbatizaji alimkemea kwa ndoa hiyo, akafungwa, akakatwa kichwa. Josephus anasema aliuawa kwenye ngome ya Machaerus, mashariki mwa Bahari ya Chumvi.

Aretas hakusahau aibu ya binti yake. Alikuja kupigana na Antipa akaliponda jeshi lake, na Josephus anaeleza kwamba Wayahudi wengine waliona hiyo ni adhabu ya Mungu kwa damu ya Yohana.

Halafu mwaka 37 Caligula akawa Kaisari. Rafiki yake Agripa, ambaye Tiberio alikuwa amemtia gerezani, alifunguliwa na kupewa nchi ya marehemu Filipo pamoja na cheo cha mfalme. Herodia alikuwa amemwona kaka huyu akihangaika na madeni, na sasa amevaa taji wakati mumewe, aliyetawala zaidi ya miaka 40, bado ni tetrarka. Alimsukuma Antipa mpaka wakapanda meli kwenda Roma kuomba ufalme.

Agripa aliwawahi kwa barua ya mashtaka: Antipa ameweka akiba silaha za askari 70,000. Caligula aliuliza kama silaha zipo. Zilikuwapo. Mwaka 39 Antipa akapelekwa uhamishoni Gallia na nchi yake akapewa Agripa. Caligula alimwambia Herodia kwamba, kwa kuwa ni dada wa Agripa, anaweza kubaki na mali zake. Alikataa, akaenda na mumewe. Kwa yote aliyoyafanya, hilo tumwandikie.

Chora mshale kwenye mstari wako mwaka 39, kutoka Antipa kwenda Agripa, na juu ya mshale andika "Herodia". Mshale huo ndio mpaka kati ya Injili na Matendo.

Angalia majina haya:

Filipo wako wawili. Mume wa kwanza wa Herodia anaitwa Filipo katika Marko 6:17, ilhali Josephus anamwita Herode tu. Huyo si Filipo tetrarka wa Luka 3:1. Filipo tetrarka alimwoa binti ya Herodia. (Na wote wawili si Filipo mtume wala Filipo mwinjilisti, lakini hapo nafikiri tuko salama.)

Binti aliyecheza hatajwi jina katika Injili. Jina Salome linatoka kwa Josephus. Herode Mkuu naye alikuwa na dada aitwaye Salome.

Mariamne ni jina la wake wawili wa Herode Mkuu. Wa kwanza, binti wa ukoo wa kifalme wa Wahasmonayo, aliuawa kwa amri ya mumewe. Agripa na Herodia ni wajukuu wake. Wa pili alikuwa binti wa kuhani mkuu.

Antipa wa Ufunuo 2:13, shahidi wa Pergamo, ni mtu mwingine kabisa.

## Hatua ya 6: Mtenge Agripa baba na Agripa mwana

Baba ni wa Petro, mwana ni wa Paulo. Ukishika hilo tu, umemaliza robo tatu ya hatua.

Baba alifia Kaisaria, ule mji wa bandari (si Kaisaria Filipi), mwaka 44. Matendo inasema alikuwa amevaa mavazi ya kifalme, watu wakapaza sauti kwamba hiyo ni sauti ya mungu. Josephus, akiandika peke yake, anaeleza vazi lililofumwa kwa fedha likimeta kwenye jua la asubuhi, watu wakimwita mungu, na maumivu ya tumbo yaliyomshika papo hapo. Si kawaida kupata mashahidi wawili wa tukio moja wanaokaribiana hivyo, kwa hiyo itumie kama nanga: kifo cha Kaisaria ni mwaka 44, ni Agripa wa Kwanza.

Mwanawe alikuwa na miaka 17 tu. Klaudio alimwona mdogo mno kupewa nchi nzima, akarudisha maliwali. Baadaye alipewa maeneo ya kaskazini, pamoja na haki ya kuteua makuhani wakuu. Ndiyo maana katika Matendo 25 Festo, liwali mgeni, anamwomba ushauri kuhusu Paulo: Agripa hatawali Yerusalemu, ila anazijua desturi za Wayahudi na anashika mambo ya hekalu.

Angalia: Bernike anayeingia naye kwa fahari si mke wake. Ni dada yake, mjane wa Herode wa Chalcis, ambaye naye alikuwa baba yake mdogo. Drusila, mke wa Feliki katika Matendo 24:24, ni dada yao mwingine. Huyu alimzaa Agripa mwingine tena, aliyekufa volkano ya Vesuvius ilipolipuka mwaka 79.

Na ukisoma historia ya Roma yenyewe, "Agripa" asiye na maelezo kwa kawaida ni Marcus Vipsanius Agrippa, jemadari na rafiki wa Augusto aliyefariki mwaka 12 KK. Jina lake bado linasomeka usoni mwa Pantheon mjini Roma. Agripa wetu walirithi jina kwa heshima yake. Vivyo hivyo, Herodes Atticus, tajiri wa Athens aliyekuwa konsuli mwaka 143 na mwalimu wa Marcus Aurelius, hana uhusiano wowote na ukoo huu.

## Hatua ya 7: Chunga mistari inayotazama nyuma

Mistari michache inamtaja Herode ambaye wakati wake umeshapita. Hapa mstari wa miaka peke yake utakudanganya.

Matendo 4:27 inamtaja Herode pamoja na Pontio Pilato. Iko kwenye Matendo, lakini ni sala inayokumbuka kesi ya Yesu. Ni Antipa.

Matendo 13:1 inamtaja Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode. Imekuja sura moja baada ya kifo cha Agripa, na watu wengi hunasa hapo. Soma cheo: ni tetrarka. Ni Antipa tena.

Matendo 23:35 inasema Paulo aliwekwa chini ya ulinzi katika jumba la Herode huko Kaisaria. Hapo Herode amekufa zaidi ya miaka 60 iliyopita. Jumba lilijengwa na Herode Mkuu, maliwali wakalifanya makao yao, jina likabaki.

Kwa majengo kanuni ni rahisi: bandari ya Kaisaria, hekalu la Yerusalemu lililopanuliwa, makasri ya Masada, ngome ya Herodion alikozikwa, yote ni ya Mkuu. Tiberia, mji wa kando ya ziwa, ni wa Antipa.

Jaribu hesabu moja. Yohana 2:20 inasema hekalu limejengwa miaka 46. Ujenzi ulianza karibu na mwaka 19 KK. Jumlisha 19 na 28, toa 1 kwa sababu hakuna mwaka sifuri, unapata 46. Umefika mwaka 28 BK, wakati wa Tiberio na Pilato, panapostahili. Ukipata 47 umesahau onyo la hatua ya kwanza.

## Hatua ya 8: Jipime

Funga karatasi yako. Soma mistari hii na ujibu Herode gani, pamoja na sababu moja: Luka 1:5, Luka 8:3, Luka 13:31-32, Marko 8:15, Matendo 12:1, Matendo 25:13.

Majibu. Luka 1:5 ni Mkuu: Yohana hajazaliwa. Luka 8:3, Yoana mke wa Kuza msimamizi wa Herode, ni Antipa: tuko Galilaya. Luka 13, anayeitwa mbweha, ni Antipa, na Mafarisayo wanamwambia Yesu atoke kwenye eneo lake. Marko 8:15, chachu ya Herode, ni Antipa: yeye ndiye aliyekuwa anatawala. Matendo 12:1 ni Agripa wa Kwanza: hakuna liwali. Matendo 25:13 ni Agripa wa Pili: Festo yupo, Bernike yupo.

Ukikosa Luka 8 au 13, rudi hatua ya 4 na ramani. Ukikosa Matendo 12 au 25, hatua ya 6. Ukiwa na jibu sahihi lakini huna sababu, chukua kalenda nyingine ya ukutani uchore mstari upya bila kutazama ule wa kwanza.